Floksi za mbegu zimekataa kuota mara ya pili sasa, nakosea wapi?

Binti_wa_Kihamba:

Habarini wadau wa bustani. Naombeni msaada maana nimeshapoteza mbegu mara mbili na sitaki nipoteze na hizi zilizobaki.

Kuna haya maua yanaitwa floksi, yale mafupi ya msimu mmoja, vimaua vidogo vya petali tano vimekaa kishada juu ya shina, pinki, nyekundu, zambarau, meupe, mengine yana kijicho cheupe katikati. Sio yale marefu ya kudumu. Marehemu mama alikuwa nayo nyumbani Kibosho, pembeni ya njia ya kuingilia, mbegu alipewa na masista wa parokia kabla hata sijazaliwa, mimi nimekua nimeyakuta na kila mwaka yapo. Mama katutoka mwaka juzi, na kipindi tunamuuguza hakuna aliyekumbuka bustani, yakapotea yote. Sasa mimi nimejenga huku chini Moshi mjini nikasema njia ya kwenda mlangoni kwangu niweke floksi kama zake.

Mara ya kwanza ilikuwa mwezi wa pili. Nilichukua trei, nikaweka udongo wa msituni nikachanganya na samadi, nikanyunyiza mbegu juu juu bila kufukia kwa sababu nimezoea petunia ambayo ukiifukia haioti, nikaweka juani kabisa na nikawa namwagilia asubuhi na jioni. Baada ya wiki 3 zikatoka 7 tu. Zilivyofikisha majani kama sita nikazing'oa nikazipanda njiani, ndani ya wiki zote zikalala chini zikafa. Mara ya pili mwezi wa nne nikamwaga moja kwa moja ardhini, mvua zile mnazijua, sikuona hata mche mmoja. Niliyenunua kwake anasema mbegu ni nzima. Nimebaki na paketi 1. Je ni mbegu, ni udongo, ni hali ya hewa ya Moshi, au ni mimi? Na ni kweli haya maua hayahamishwi?

---

LimuruNasari:

Pole sana dada, na pole kwa kumpoteza mama.

Mimi niko Limuru, nina nasari ya miche ya maua na floksi napanda kila mwaka, nakuambia hiyo mbegu inawezekana kabisa ni nzima. Shida ya kwanza nimeiona hapo uliposema hukufukia. Petunia inataka mwanga ndio iote, floksi ni kinyume chake, inataka giza. Ukiiacha juu juani chache zitaota, hizo 7 zako nahisi ni zile zilizoangukia kwenye vijinyufa zikafunikwa zenyewe. Fukia kama nusu sentimita hivi, udongo laini, kisha kandamiza kidogo na kiganja ndio mbegu igusane na udongo vizuri.

Ya pili ni joto. Hii mbegu inapenda udongo wa baridi baridi, nyuzi 15 mpaka 20 hivi, ikipita 25 inalala tu haiamki. Trei nyeusi ya plastiki juani Moshi mwezi wa pili, huo udongo ndani ulikuwa unachemka. Weka trei kivulini, funika na gazeti au kipande cha boksi, lakini kuanzia siku ya 7 uwe unachungulia kila asubuhi. Ukiona shingo ya kwanza imetoka ondoa kifuniko siku hiyo hiyo usingoje kesho, maana mche ukikaa gizani siku mbili unarefuka kama uzi na hautapona tena. Kwa kawaida zinatoka kati ya siku 7 na 15.

Kuhusu kuhamisha, inawezekana, mimi ndio kazi yangu, ila sio kwa kung'oa. Tumia trei ya vishimo au hata vikombe vya karatasi, mbegu 2 kila kishimo, na uhamishe mche ukiwa bado mdogo, majani manne, na donge lake lote la udongo. Floksi inashusha mzizi mmoja mrefu mapema sana, ukiukata huo mzizi mche unanyauka hata umwagilie vipi. Zile 7 zako zilikufa kwa hiyo.

Halafu angalia tarehe ya kufungasha, sio ile ya mwisho tu. Mbegu za floksi hazidumu, zikipita mwaka mmoja au miwili nguvu inashuka sana, na zikikaa dukani kwenye kioo kinachopigwa na jua ndio kabisa.

---

Dada_wa_Texas:

Mdogo wangu Binti_wa_Kihamba nimesoma hii nikaguswa, nikasema lazima niandike ingawa sio mtu wa kuandika sana humu. Mimi ni wa Tanga, naishi San Antonio, Texas, mwaka wa kumi na moja huu, na unajua hiyo floksi yako huku ndio kwao? Ni maua pori ya Texas kabisa. Yanaota yenyewe kwenye mchanga, kwenye malisho ya ng'ombe, pembeni ya barabara kuu, ukitoka hapa kuelekea mashariki mwezi wa nne unakuta kipande kizima cha barabara ni chekundu mpaka unapunguza mwendo.

Aliyeyapeleka Ulaya ni Mskochi mmoja anaitwa Thomas Drummond, alikuja kukusanya mimea huku 1833, kipindi ambacho kipindupindu kilikuwa kinaua watu, na yeye mwenyewe aliugua sana. Mbegu alizotuma Uingereza zikaoteshwa, lakini yeye alifia Cuba 1835, hakurudi. Mtaalamu wa mimea William Hooker ndiye aliyelipa ua jina lake, ndio maana kwenye paketi utaona Phlox drummondii. Kwa hiyo zile za mama yako na hizi za barabarani kwangu ni ukoo mmoja.

Ila nilichotaka kusema hasa ni hiki, angalieni lenyewe linavyoishi porini mtajua linataka nini. Huku mbegu inadondoka mwezi wa tano au wa sita maua yakikauka. Halafu haioti! Joto lote la mwezi wa saba na wa nane, nyuzi 38 mpaka 40, imelala tu chini ya nyasi kavu. Inakuja kuota mwezi wa kumi au wa kumi na moja hali ya hewa ikishapoa na mvua nyepesi zikianza, inakaa kimche kidogo kimelala chini baridi yote, mwezi wa tatu inachanua. Joto likirudi inakufa. Mimi mwenyewe namwaga mwezi wa kumi, napitisha reki juu nyepesi, basi. Aliyesema giza na ubaridi kasema kweli, porini inafunikwa na nyasi zilizokufa na inangoja ubaridi.

Na udongo wetu kule yanakostawi ni kichanga, hautuamishi maji. Udongo wa msituni na samadi nafikiri unabeba maji mengi sana kwa mbegu hii.

---

MzeeUsambara:

Binti hujambo. Mimi niko Lushoto, nimestaafu, maua ndio shughuli yangu ya asubuhi. Waliotangulia wamesema vizuri. Kabla sijaongeza la kwangu nijibu mambo mawili, mama yako alikuwa anazimwaga mwezi gani, na akishamwaga alikuwa anafanya nini juu yake? Kumbuka vizuri, usikimbilie kujibu.

---

Binti_wa_Kihamba:

Shikamoo mzee. Ahsanteni sana dada zangu wote wawili, sikujua kabisa habari ya giza, yaani nimesoma mara tatu.

Mzee nimekaa nikafikiria, mpaka nikampigia kaka yangu mkubwa. Yeye anakumbuka ilikuwa baada ya masika, shule zinakaribia kufunga, mwezi wa sita, mwanzoni. Na ni kweli kuna kitu alikuwa anafanya, alikuwa anakata majani makavu ya migomba anayalaza juu ya ile mistari, anaweka na vijiti juu yake. Sisi tulikuwa tunajua ni kwa ajili ya kuku wasichakure. Na kila siku asubuhi alikuwa anainua anachungulia halafu anarudisha. Jamani. Kumbe.

---

MzeeUsambara:

Marahaba mwanangu. Nilidhani hivyo. Kuku nao walizuiliwa lakini lile jani la mgomba lilikuwa linafanya kazi tatu, linaweka giza, linapoza udongo, na linazuia unyevu usipotee hivyo hahitaji kumwagilia mara kwa mara. Mama yako alikuwa anajua. Na kuinua kila asubuhi ndiko kule alikosema dada wa Limuru, siku zikichomoza anaondoa.

Sasa tofauti yako na yeye. Kibosho kuko juu, kuna ubaridi, wewe uko chini Moshi mjini ambako mwezi wa pili ni joto kali, na mwezi wa nne mvua inapiga ardhi mpaka mbegu ndogo inahamishwa au inazama. Wewe ngoja masika yakatike. Mwezi wa sita na wa saba Moshi kunapoa vizuri, mawingu ya mlima yanakaa mpaka saa nne asubuhi, huo ndio wakati wako. Ukimwaga mwanzoni mwa mwezi wa sita unaona maua mwezi wa nane, maana inachukua kama wiki 8 mpaka 10 toka mbegu mpaka ua.

Hapa sikubaliani na dada wa Limuru, kwa heshima zote. Trei ni kwa anayeuza. Wewe wa nyumbani mwaga pale pale yatakapoishi. Mche ambao haujaguswa mzizi unavumilia kiu kuliko uliohamishwa. Lima sentimita 20, vunja mabonge, ongeza mchanga wa mtoni kama udongo wako ni mfinyanzi, na samadi iwe iliyooza kabisa ya mwaka mzima na iwe kidogo, ikizidi utapata majani makubwa ya kijani na maua ya kuhesabu. Chora mfereji mwembamba kwa kijiti, mwagilia mfereji KABLA ya kuweka mbegu, weka mbegu, fukia na udongo mkavu mlaini, laza jani la mgomba. Ukifanya hivyo hutahitaji kumwagilia juu mpaka ziote na mbegu hazitasombwa.

Usimwage paketi yote. Weka nusu, nusu nyingine baada ya wiki 3, ikitokea lolote una akiba, na ikienda vizuri maua yanapokezana.

---

LimuruNasari:

Mzee sina ubishi na wewe kwa mtu mwenye mbegu nyingi na ardhi safi. Lakini yeye amebaki na paketi moja na paketi nyingi za maua ukifungua hakuna hata gramu moja, na gramu ya floksi ni mbegu kama 500. Huku kwetu zikiwa ardhini konokono na sota, wale viwavi wanaokata miche, wanamaliza usiku mmoja mstari mzima. Dada kama ni mimi ningeweka nusu kwenye vikombe kivulini na nusu ardhini. Ukifanya ardhini, wiki ya kwanza zikitoka tembea na tochi usiku.

---

Kigamboni_Kijani:

Samahani kuingilia uzi wa mtu, na mimi nayapenda haya maua niliyaona Arusha nikapiga picha. Niko Dar, pwani kabisa, udongo wangu ni mchanga mtupu ambao nimesikia mnausifia. Kuna uwezekano au nisihangaike? Nilipewa miche minne na rafiki, ikachanua vizuri wiki mbili halafu majani yakawa na unga mweupe kama mtu kanyunyiza sembe, ikakauka kuanzia chini.

---

Dada_wa_Texas:

Kigamboni_Kijani huo unga ni ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, hata huku ndio adui mkubwa wa floksi. Unapenda mahali ambapo miche imebanana, hewa haipiti, na unamwagilia juu ya majani jioni yanalala yamelowa. Mwagilia chini kwenye shina, asubuhi. Acha nafasi sentimita 15 mpaka 20 mche na mche, najua kung'oa miche iliyoota kunauma lakini isipopunguzwa yote itaugua. Ukiona majani ya kwanza yana unga yachume ukayatupe mbali. Mimi nikiwahi napiga maziwa, sehemu 1 ya maziwa kwa 9 za maji, kwenye jua la asubuhi kila wiki, inasaidia kuzuia usisambae ila jani lililokwishaharibika halirudi.

Kuhusu pwani, mimi nimekulia Tanga najua joto lile. Mchanga hauna shida, shida ni usiku wa pwani haupoi. Jaribu mwezi wa sita mwishoni, kipindi cha kipupwe, kwenye chungu ambacho unaweza kukihamisha kivulini mchana, jua la asubuhi tu. Yatachanua mwezi na nusu hivi halafu yataisha ukaribiapo mwezi wa kumi, uyakubali hivyo. Ukitaka kitu cha mwaka mzima pwani weka vinka, hiyo haitakuangusha.

---

Kigamboni_Kijani:

Nimeelewa dada, ahsante. Nilikuwa namwagilia na mpira juu kila jioni nikirudi kazini. Ntajaribu chungu kimoja mwezi wa sita.

---

Binti_wa_Kihamba:

Nina swali moja zaidi kabla sijaanza. Mama hakuwa ananunua mbegu tena, alikuwa anapata wapi? Maana mimi nimeshawahi kuangalia yakikauka sioni mbegu, kikonyo ni kitupu.

---

MzeeUsambara:

Kwa sababu zinaruka. Ua likianguka kinabaki kikombe kidogo cha kijani, ndani yake kuna mbegu chache, mara nyingi 3. Kikikauka rangi ya mchele kinapasuka kwa nguvu kinarusha mbegu mbali, ukikaa kimya mchana wa jua utasikia tik, tik. Ukingoja kikauke kabisa umechelewa. Chuma matawi vikombe vikianza tu kugeuka njano, tumbukiza kwenye mfuko wa karatasi, funga mdomo, ning'iniza kivulini. Vitapasukia humo humo. Usitumie mfuko wa plastiki zitaoza.

---

LimuruNasari:

Nyongeza hapo, kama paketi imeandikwa ni chotara usitegemee mbegu zake zifanane na mama yao. Na hata zisizo chotara, floksi haijizalishi na chavua yake yenyewe, inategemea vipepeo watoe kwa jirani, kwa hiyo ukipanda nyekundu na nyeupe pamoja mwaka unaofuata utapata rangi ambazo hukupanda. Anayetaka rangi moja ipande mbali na nyingine.

---

Dada_wa_Texas:

Hili la vipepeo linanifurahisha sana ngoja niseme kidogo. Huku sehemu kubwa floksi ya porini ni ya rangi hafifu, kama samawati iliyochanganyika na pinki. Lakini kuna eneo ambalo inaishi pamoja na floksi ya aina nyingine yenye rangi hiyo hiyo hafifu, na pale tu, hii yetu imekuwa nyekundu iliyokolea. Wanasayansi wamechunguza wakakuta kwamba zikifanana rangi kipepeo anachanganya chavua za aina mbili, na watoto wa mchanganyiko huo wengi ni tasa, lakini zikitofautiana rangi kipepeo anakaa zaidi na rangi moja. Kwa hiyo ule wekundu umebaki kwa sababu unailinda isipoteze mbegu bure. Kila nikipita pale barabarani siku hizi naangalia vipepeo kwanza.

Mdogo wangu, za mama yako zilikuwa rangi gani?

---

Binti_wa_Kihamba:

Zilikuwa za kila rangi dada. Sasa naelewa kwa nini. Mama alikuwa anasema Mungu ndio anachagua mwaka huu.

---

Binti_wa_Kihamba:

Wadau nimerudi na matokeo, leo ni tarehe 21 mwezi wa sita.

Nilimwaga tarehe 8, masika yalikuwa yamekatika wiki nzima. Nimefanya yote mawili, nimetumia nusu ya paketi, chache kwenye vikombe 12 vya karatasi, mbegu 2 kila kikombe, nikaviweka barazani chini ya meza na gazeti juu, na nyingine zote ardhini mistari miwili pembeni ya njia, nimechanganya mchanga wa mtoni ndoo tatu, nikamwagilia mfereji kwanza kama mzee alivyosema, nikafukia, nikalaza majani ya migomba ambayo kaka ameniletea kutoka Kibosho kwenye kihamba chetu. Nusu iliyobaki iko kwenye bahasha kabatini.

Ardhini zimeanza kutoka siku ya 9. Niliinua jani asubuhi nikaona vishingo vyeupe vimejikunja, nilipiga kelele mpaka mume wangu katoka nje akajua ni nyoka. Nikaondoa majani yote siku hiyo hiyo. Leo nimehesabu miche 61 kwenye mistari miwili. Vikombe 12 vimetoka 10, siku ya 11. Usiku natembea na tochi, nimekamata konokono wanne.

Sasa 61 zimebanana, nyingine ziko vidole viwili tu. Nipunguze lini? Na zile za kung'oa naweza kupanda mahali pengine au ndio zinatupwa?

---

MzeeUsambara:

Hongera sana mwanangu. Ngoja majani manne. Mwagilia jioni, asubuhi yake udongo ukiwa bado umeshikana chomeka kijiko kirefu cha chakula chini kabisa unyanyue mche na bonge lake, usiushike shina, shika jani. Panda papo hapo mahali pengine ukiwa na shimo tayari, weka kivuli cha jani la mgomba siku tatu. Katika kumi utapoteza wawili watatu. Waliobaki kwenye mstari waachane sentimita 15.

Halafu wakifika kimo cha kidole, sentimita 8 hivi, kata kichwa cha juu kwa kucha. Utaona huruma lakini kata, ndio watoe matawi pembeni. Usipokata utapata shina moja refu linaloanguka na ua moja juu. Na zile za bahasha zimwage tarehe 29, usipitilize.

---

Binti_wa_Kihamba:

Sawa mzee, nimeandika kwenye kalenda ya jikoni. Za tarehe 29 kaka kaomba tukazimwage Kibosho, pale pale njiani kwa mama.